Urefu wa Sigara Moja

Mfungwa aliyemzika babu yangu alimletea bibi ramani siku aliyofunguliwa kutoka kambi walimofungwa wote wawili. Ilikuwa imechorwa kwenye kipande cha mfuko wa saruji: daraja, kinu cha kusagia unga, mfereji, na nukta nyeusi kando ya mfereji. Kipimo hakuandika. Baadaye naye akafa.

Bibi Qamile hajainuka kitandani tangu theluji ya kwanza, ila anakataa kufa kabla mumewe hajapatikana wazikwe pamoja. Kila alfajiri hunisimulia kuwa babu amesimama mlangoni na tope miguuni, wala haingii.

Mimi nafagia shule. Mwalimu Petrit alipoiona ramani akasema darasa lake linasoma vipimo, basi wasomee hii. Watoto wakafunga mafundo kwenye kamba, fundo kila mita, wakapima kutoka darajani hadi kinuni: mita mia tisa. Kwenye ramani ni vidole viwili. Kutoka kinuni hadi kwenye nukta ni kidole kimoja, kwa hiyo mita mia nne na hamsini. Tukafuata mfereji, tukachimba. Udongo mtupu, kisha maji.

Bibi nilipomwambia akauliza tulipima kwa kitu gani. Kwa kamba, nikasema.

"Yule mfungwa, kamba angeitoa wapi, mjukuu wangu? Aliniambia kila kidole ni mwendo wa sigara moja, toka iwashwe hadi iishe. Na toka kinuni walikuwa wamembeba babu yako juu ya mlango, wawili tu."

"Mbona hukusema, bibi?"

"Mliniuliza?"

Mwalimu akafuta hesabu ubaoni. Aliyebeba maiti hatembei kama mwenye mikono mitupu. Akang'oa mlango wa stoo, akamwita Mzee Rrapo, maana hakuna anayemshinda kwa sigara. Sasa ukatakiwa mzigo, uzito wa mtu mwenye njaa. Wote wakanitazama mimi.

Tulipofika kinuni nikalala juu ya mlango. Mwalimu akashika mbele, mlinzi wa shule nyuma. Mzee Rrapo akawasha sigara, akatembea ubavuni mwangu.

"Dada Vitore," mtoto mmoja akasema, "pumua kidogo kidogo, upungue."

"Mwache," Mzee Rrapo akamwambia. "Maiti hajibu."

Hakuna aliyecheka. Watoto walitangulia na kamba. Mimi niliona mbingu na matawi ya mierebi tu. Lakini nyuma ya mlinzi, mahali pasipokuwa na mtu, nilisikia nyayo zinatufuata, nzito, zinanata topeni.

Sigara iliisha kwenye miiba, hata nusu ya zile mita mia nne na hamsini hatujafika. Wakanishusha. Nilitaka kuinuka, mwili ukagoma, mpaka mwalimu akanivuta mkono.

Tulichimba palepale. Alikuwa hapo, kalazwa ubavu, magoti yamekunjwa kama anayesikia baridi.

Nilimleta nyumbani ndani ya shuka safi. Bibi alipapasa taya, kidole kikapita kwenye pengo la jino la mbele, akatikisa kichwa kukubali. Hakulia. Akajisogeza ukingoni mwa kitanda.

"Mlaze upande wa ukuta," akasema. "Ndiko alikozoea."

Nikamlaza.