Toazi Lenye Ufa

Santuri ndogo ya bendi ya Dohani Nne ilipofika namba moja kwenye chati za Uholanzi, mji mzima wa Burnley, kaskazini mwa Uingereza, ulijifanya ndio ulioizaa. Mwuza samaki wa kona aliapa kwamba aliwahi kuwapa vijana wale viazi vya kukaanga bure, uongo mtupu, maana mtu yule hajawahi kumpa hata paka mwiba. Baba yake Roy, mpiga gitaa, aliitundika santuri dirishani mwa bucha yake, katikati ya soseji. Wiki iliyofuata ikawa ya tatu Uswidi, ya sita Australia, na Ujerumani ikawa inapanda tu. Nchi nane kwa jumla. Mtu mmoja peke yake hakufurahi, naye ni Alwyn Sagar, mpiga dramu wa bendi yenyewe.

Alikuwa na sababu. Toazi lake la kushoto, ile sahani ya shaba juu ya dramu, lilikuwa na ufa wa urefu wa kidole, na kila likipigwa lilinguruma kama nyuki aliyefungiwa koponi. Wenzake walimtania mpaka wakachoka. Siku waliporekodi London alilipiga hilohilo. Lakini kwenye santuri toazi lililia safi kabisa, nyuki hayupo. Alwyn aliisikiliza mara arobaini, sikio kwenye spika, mpaka mama yake akamuuliza kama kuna kitu kimemdondokea humo ndani. Gazeti moja la muziki nalo likaandika kwamba roho ya wimbo ule ni dramu. Sifa ile ilimchoma kuliko tusi.

Akamfuata Roy, rafiki yake tangu wana miaka saba.

"Roy, toazi langu limekwenda wapi?"

Roy alikuwa anakula pai ya nyama. Akacheka, kisha akatazama pembeni. "We nawe! Mitambo ya studio inasafisha kila kitu. Mimi mwenyewe sikujua kama napiga vizuri namna ile."

"Inasafisha toazi langu, halafu kikohozi cha Gerald inakiacha?" Gerald ndiye mwimbaji wao, na kikohozi chake kilisikika mwanzoni mwa wimbo.

"Tumekuwa namba moja, bwana! Unataka nini zaidi, ufa wako upewe nishani?"

Jibu lenyewe lilikuwa zuri tu. Kilichomkaa Alwyn rohoni ni yale macho yaliyokwenda pembeni. Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Akiingia mahali wenzake wakanyamaza, aliona njama. Wakiendelea kuongea, aliona wamebadili mazungumzo. Gerald akimmiminia chai, alijiuliza kwa nini leo. Akakumbuka pia kwamba Bwana Lomas, mtayarishaji wao, aliwaharakisha wakawahi treni, akisema amebakiza kazi ndogo ya kuupamba wimbo. Kazi gani hiyo? Alwyn alikuwa ameacha kazi kiwandani kwa ajili ya dramu zile. Kama mikono iliyosikika kwenye santuri haikuwa yake, basi alikuwa tapeli katika nchi nane, na rafiki zake walikuwa wanamtazama tu.

Walipoitwa London kurekodi santuri ya pili, akaenda na mama yake.

Edna Sagar alikuwa amefuma nguo kiwandani miaka thelathini na mmoja. Mitambo ya kule hupiga kelele hata ukipiga yowe hujisikii, kwa hiyo wanawake wa pale huongea kwa midomo tu, bila sauti, kutoka ukuta hadi ukuta, na habari za mtaa mzima humalizika kabla ya saa ya chai. Edna alisoma midomo kama wengine wanavyosoma gazeti. Alwyn aliijua lugha hiyo tangu utotoni.

"Yaani mimi na uzee huu unanifanya mpelelezi?" mama aliuliza kwenye treni.

"Wewe kaa tu, mama. Usome."

"Na chai ipo huko?"

"Ipo."

"Haya, twende."

Studioni Bwana Lomas alikaa na fundi wake nyuma ya kioo kinene. Bila yeye kubonyeza kitufe cha kipaza sauti, huku nje hawakusikia neno. Alimwona mama mnene mwenye kofia, amekaa anafuma sweta, akampungia mkono kwa adabu.

Wakapiga wimbo mpaka mwisho. Kitufe kikabonyezwa. "Safi sana, vijana! Alwyn, leo umewaka!" Kisha Lomas akakiachia, akamgeukia fundi, akasema maneno mengi.

Sindano za Edna zilisimama. Alwyn, aliyekuwa ameketi akimkabili, aliona midomo yake ikifunguka polepole, bila sauti.

*Anasema waache wapige mpaka saa sita. Watu wake wanakuja saa nane kuupiga upya.*

*Mpiga dramu?* Alwyn naye aliuliza kwa midomo.

Mama alikitazama kioo tena, kwa muda. Kisha akamtazama Roy, aliyekuwa akilifuta gitaa lake kwa leso safi, na uso wake ukaingiwa na huruma.

*Dramu, gitaa, besi. Wote. Anabakiza sauti ya Gerald tu. Na ile ya kwanza ilikuwa hivyohivyo. Anasema hawa watoto hawajui kitu, na wasijue.*

Alwyn aliweka vijiti chini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Miezi mitatu alikuwa amemhesabu Roy kuwa msaliti, kumbe maskini Roy alimwambia kweli tupu: hakujua kama anapiga vizuri namna ile.

Roy akaja huku anatabasamu. Mtoto wa bucha, hakuwahi kujifunza lugha ya kiwandani.

"Mama anasema nini? Mnateta mkidhani sioni. Au ananisengenya?"

Alwyn alifungua kinywa. Aliiona akilini ile santuri dirishani, katikati ya soseji, na mzee wa bucha akiionyesha kwa kila mteja.

"Anasema..." Akatazama pembeni, kwenye toazi lake lenye ufa. "Anasema gitaa lako leo limenoga."

Roy akacheka. Kisha kicheko kikakatika, akamkazia macho rafiki yake.

"Sasa mbona huniangalii?"