Nani Alimtekea Chirau Maji?

Mwanarusi alikuwa na wivu, tusifichane. Msambweni nzima ilikuwa ikijua, na Chirau mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiuchekea tu huo wivu. Mwanamke akimwamkia njiani kwa sauti laini kidogo, basi jioni bwana wa watu anakula wali huku anahojiwa kama yuko mbele ya kadhi.

"Yule ni shangazi yangu," Chirau husema.

"Shangazi gani wa kupaka wanja vile?"

Wakacheka wote wawili, yakaisha.

Sasa Chirau amezikwa. Homa ilimwangusha katika mashamba ya miwa kule Ramisi, na hakuinuka tena. Siku ya hitima wanaume walikuwa barazani wakisoma, wanawake wamejazana ndani, na Mwanarusi amekaa eda juu ya mkeka, kajitanda shuka mpaka usoni, akisikiliza mumewe anavyosifiwa.

"Mtu wa kazi yule," alisema Esha, dada yake Chirau. "Nyumba hii ameikandika kwa mikono yake mwenyewe, kila Ijumaa kipande, maana siku nyingine yuko na panga la miwa."

Mwingine akakumbuka alivyokuwa akiwapakia watoto watatu wa jirani kwenye baiskeli moja kuwapeleka chuoni kusoma Kurani. Mwingine akalitaja gambusi lake. Hakuna harusi aliyoikataa Chirau, hata awe amechoka vipi. Akishaliweka gambusi pajani na kugusa nyuzi zake, huwezi kusema huyu ametoka kukata miwa.

Hizo zilikuwa sifa njema, lakini kila moja ilimchoma Mwanarusi. Alihisi kama watu wanachota katika chungu chake bila hodi. Huyu kamwona wapi? Yule kamsikia lini? Mbona kila mtu ana Chirau wake?

Ndipo mtani akaingia. Nawe unajua, msiba wa kwetu haujawa msiba mpaka watani wa ukoo waje kuuvuruga. Mtani huvaa nguo za marehemu, akamwigiza, akawachekesha waliofiwa hata kama hawataki. Tena mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, unatozwa faini mbele za watu.

Mtani mwenyewe alikuwa Mwanapili, mwanamke mnene mwenye vishindo, aliyekuwa akiwauzia wakata miwa chai na mahamri huko huko Ramisi. Hakusalimu mtu. Alilinyakua koti la Chirau msumarini, akalivaa, akavaa na kofia yake, akaanza kupita chumbani kwa mwendo wa mtu aliyeumwa na kiuno kutwa nzima. Akakohoa kikohozi chake. Lo! Wanawake wakaangua kicheko, na Mwanarusi naye, chini ya shuka, akajikuta anatabasamu.

Kisha Mwanapili akaimba:

*Sinipe wali wa nazi, ewe mwenyewe nyumbani,*
*nipe maji nikaoge, jasho litoke mwilini.*

"Nyamaza!"

Mwanarusi alikuwa amesimama, shuka limeanguka. Wimbo ule ulikuwa wa uani kwake. Kila jioni Chirau akishaiegemeza baiskeli ukutani, huuimba huo, na yeye Mwanarusi huchukua ndoo akamtekea maji kisimani. Hakuuimba harusini hata mara moja. Sasa mwanamke wa Ramisi ameujulia wapi, kama si ndoo yake nayo ilikuwa ikijazwa?

"We Mwanarusi!" Esha alishtuka. "Mtani hakasirikiwi!"

"Nitozeni faini mtakayo, mbuzi wangu yuko nje. Lakini kwanza huyu anijibu. Ulimtekea maji wapi mume wangu?"

Mwanapili, akidhani utani umenoga, akajishika kiuno. "Mume wetu, mke mwenzangu, mume wetu!"

Hapo Mwanarusi alilia. Alikuwa hajalia tangu mazishi, na watu walishaanza kumsema kwa hilo. Sasa alilia kwa hasira, mdomo wazi, kama mtoto aliyenyang'anywa.

Mwanapili akaivua kofia haraka. "Dada, wallahi sijamtekea hata maji ya kunawa mikono. Tulia unisikilize. Ule ni wimbo wa shambani. Wakiinama kwenye miwa, Chirau ndiye huanza, na mstari mzima wa watu humwitikia, hata wageni wa bara wasiojua maana yake. Mimi niko pale na birika langu, nitaacha kuujua?" Akamtazama vizuri. "Kwani wewe hukuusikia mpaka mwisho?"

Mwanarusi akatikisa kichwa. Angeusikia vipi? Nyumbani Chirau hakupita ule mstari wa jasho. Akishaoga hula, akishakula hulala, gambusi kifuani, na mke hubaki kumwondolea sahani.

Mwanapili akaumalizia, safari hii bila vishindo, kwa sauti yake mwenyewe:

*Mwanarusi nipokea, mzigo wangu begani,*
*sina pengine pa kwenda, ela kwako mlangoni.*

Hata barazani wakasita kusoma. Esha akajifuta machozi kwa ncha ya leso, akamshika wifi yake mkono.

"Haya mama, wivu umekwisha sasa?"

"Ndio kwanza umeanza," alisema Mwanarusi. "Ramisi nzima! Wakata miwa, mnyapara, wageni wa bara, wote wamesikia akiniita jina kutwa nzima, wakamwitikia! Mimi mwenye jina kaniletea usingizi!"

Akaliokota shuka, akajitanda, akakaa. Akaupigapiga mkeka kando yake mpaka Mwanapili naye akakaa, koti la marehemu lingali mwilini.

"Nifundishe wote," Mwanarusi alimwambia. "Neno kwa neno, kama alivyokuwa akiuimba."

"Nitakufundisha, dada yangu."

"Kisha wewe uusahau."