Kasoro ya Bi Hadil

Jumanne baada ya adhuhuri, boti ilishusha kisiwani Faza magunia sita ya nguo kuukuu, zile ambazo hata wauza mitumba wamezikataa. Bi Hadil alibeba gunia lake hadi barazani, akang'oa vifungo, akaanza kuunga vipande vya kushonea mikoba ya mradi wa kugeuza taka kuwa bidhaa. Kufikia alasiri mshono ulikuwa umepotea. Mguu wa suruali na kipande cha pazia vilikuwa vimeshikana vikawa shuka moja nzima, nyeupe, yenye pindo lake. Aliikunja akaiweka kando.

Jirani yake, Bi Barka, alikuja kuomba chumvi, akaipapasa ile shuka.

"Chandarua changu kina tundu," akasema. "Ukimaliza, nipitishie sindano."

Mkono huo wa kuponya kitambaa Bi Hadil aliurithi kwa mamake, aliyekuwa akishona kofia za vito, zile za vitundu vinavyotariziwa kwa mkono. Siku hizi kofia huja kwa katoni, za mashine, na mafundi wamebaki na sindano zao. Kazi iliyosalia ni ya mradi, nayo ina sharti: ukirudishiwa kazi mara tatu, unatolewa. Bi Hadil alikuwa amesharudishiwa mara mbili.

Jumamosi alifika Bwana Kirimi, msimamizi wa mradi. Si mtu mbaya. Huvua viatu mlangoni. Aliinua shuka kwenye mwanga, akautafuta mshono upande huu na ule.

"Bi Hadil, hii siwezi kupitisha. Imekuwa mpya."

"Imepona."

"Naona imepona. Lakini wanunuzi wanataka viraka. Wanataka waone ilikuwa taka, na nyinyi mmehangaika nayo. Shona tu vibaya kidogo."

"Mimi siyui kushona vibaya. Watu gani hao, mato yao hayashibi mpaka waone shida zetu?"

Hasira zilimpanda. Miaka arobaini ya mkono safi, kisha uambiwe kinachouzwa ni umaskini wako! Huo ni ufedhuli, hata ukisemwa kwa upole.

Bwana Kirimi alijaza fomu. Penye kasoro aliandika: kitambaa hupona. Kwa kuwa alimhurumia, hakumtoa. Alimhamishia kwenye kuchana. Kazi yake sasa ni kukata vitambaa vizima vifanane na taka, wenzake wavishone kwa uzi mnene. Cha kwanza alichopewa ni ile shuka. Aliikata vipande kumi na viwili, macho yake ukutani.

Mikoba yote ilipita. Chandarua cha Bi Barka nacho kilipona, tundu halionekani.

Mwezi uliofuata Bwana Kirimi alileta kadi zinazofungwa kwenye mikoba. Zilikuwa na picha ya Bi Hadil, mkasi mkononi, na maneno haya: Mama huyu hakuwa na ujuzi wowote. Sisi tulimfundisha kushona.

Bi Hadil alisoma kadi moja mpaka mwisho, akaichana vipande vinne. Hiyo hakuishona.