Pua ya Fundi

Watu wote wanamwita mume wangu Pua, hata waliokuwa harusini kwetu. Ni fundi wa gesi. Alikuwa akisimama getini kwa mteja, anavuta hewa mara moja, anasema, "Inavuja nyuma ya jiko, kiungio cha pili." Watu wakienda kutazama wanakuta ni kweli. Wateja walisimuliana, kazi ikaja yenyewe, na kazi hiyo ndiyo iliyojenga nyumba tuliyohamia mwezi wa nne, nyumba ya vyumba vitatu juu ya mteremko, mahali penye baridi ya kupenya mpaka mifupani.

Sebuleni mwashi alituachia uwazi ukutani kwa ajili ya meko ya gesi ya kuotea moto. Dohani ilishapanda mpaka paani. Kilichobaki ni fundi wa kufunga, na fundi nalala naye kitanda kimoja. Miezi mitatu ikapita. Nikauziba ule uwazi kwa boksi la televisheni, na upepo ukivuma boksi linagonga siku nzima.

Visingizio vyake mimi nimevikariri. Mara vipuri havijafika. Mara plasta haijakauka. Mara mapacha wetu bado wadogo, wataungua vidole. Mapacha wana miaka saba!

"Kwa mdogo wangu ulifunga meko kwa siku mbili, na hata soda hukunywa," nilimwambia. "Kwako unasuasua. Au kuna nyumba nyingine unayoipasha moto?"

Hakucheka. Zamani angecheka mpaka akohoe. Nikaanza kumchunguza mifuko ya suruali, na sioni aibu kulisema.

Jumapili mchana niliacha maziwa jikoni, nikatoka kuanua nguo. Niliporudi, harufu ya kuungua ilinipokea mlangoni. Mapacha walikuwa wamesimama barazani wamejibana pua. Ndani, Pua amekaa mezani, mgongo kwa jiko, hatua mbili tu, anasafisha valvu kwa mswaki mkuukuu na kupiga mluzi.

"We mwanamume! Husikii harufu?"

Akageuka. Alipouona moshi ndipo akashtuka. Nilizima jiko, nikamtazama vizuri, naye akajua kwamba nimejua.

Alifunga mlango, akanieleza kwa sauti ndogo. Tangu ile homa ya mwezi wa pili iliyomlaza siku tisa, hasikii harufu yoyote. Si ya sabuni, si ya petroli, si ya gesi. Daktari alimwambia asubiri, naye anasubiri.

"Usimwambie mtu, mama watoto. Wakijua, tumekwisha," alisema. "Na ndiyo maana siwezi kuweka gesi ukutani humu. Ikivuja watoto wamelala, mimi sitajua."

Machozi yalimlengalenga. Mimi, mnisamehe, nilifurahi. Muda wote ule nilikuwa nikiwaza mwanamke, kumbe ni pua tu! Nilimkumbatia, nikamwapia kwamba siri hiyo itakaa kwangu. Kesho yake nikamwita mwashi aje azibe uwazi kwa matofali. Meko basi, tutavaa masweta.

Mwashi alikuja Ijumaa asubuhi. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu Jumatatu bila kupumzika. Ni mtu wa maneno mengi, na alipoweka tofali la tatu akaanza utani wake.

"Makubwa haya. Fundi anawafungia watu meko mji mzima, kwake anaziba. Kuna kitu anakiogopa huyu."

Nikacheka naye, halafu kicheko kikanikauka. Kwa mdogo wangu meko yalifungwa mwezi wa tano. Mwezi wa sita mdogo wangu aliniambia kwenye simu kwamba sebuleni kwake kunanuka, ila nisiwe na wasiwasi. Shemeji yake, Pua, alikuja, akanusa kila pembe, akasema ni rangi ya meko mapya, itaisha yenyewe. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, na tangu Jumapili sikuwa nimeyakumbuka hata mara moja.

Nilimkuta Pua chumbani anavaa buti.

"Mdogo wangu alikuita akisema kunanuka. Ulinusa nini?"

Akainamia buti.

"Nakuuliza!"

"Nilipaka povu la sabuni kwenye maungio. Halikufanya mapovu mapya, maana yake hakuna gesi inayotoka."

"Maungio yote?"

"Yale ninayoyafikia. Mengine yako ndani ya ukuta."

"Ukamwambia ni rangi."

"Meko mapya hunuka rangi siku za mwanzo. Ni kweli kabisa."

"Ni kweli, ila wewe ulijuaje?"

Alikuwa ameshika kamba za buti, hafungi wala hafungui. Nikapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, nikaweka sauti ya nje.

"Dada yangu," mdogo wangu aliitikia, sauti nzito kama ya mtu aliyetoka usingizini. "Hamjambo huko?"

"Nyie je?"

"Kichwa tu kinanigonga tangu juzi. Na mtoto ana mafua. Mvua hii imetufungia ndani, madirisha yote nimeyabana kwa matambara. Meko sijawasha tangu Jumatatu, nilikuwa nabania gesi, lakini leo nawasha, mtoto anatetemeka."

"Usiwashe! Ile harufu bado ipo?"

"Harufu gani? Aa, ile ya rangi. Wageni ndio huisema. Sisi tumeshaizoea."

"Mchukue mtoto mtoke nje. Sasa hivi. Usiguse hata swichi."

Akacheka. Alicheka kabisa, mdogo wangu. "Dada nawe kwa woga! Shemeji mwenyewe alinusa. Angekuwa fundi mwingine ningeogopa, lakini Pua? Muulize, si yuko hapo?"

Nilimsogezea mume wangu simu mdomoni. "Mwambie."

Midomo yake ilicheza, sauti haikutoka. Miaka ishirini na miwili ameifanya kazi hii, na jina lote alilonalo mjini liko pale usoni. Nilimwonea huruma na nilitaka kumnyonga.

"Shemeji?" mdogo wangu aliita. "Haya, naona mtandao unasumbua. Ngoja niwashe kwanza, nitawapigia."

Nilimpiga Pua ngumi ya kifua. "Mwambie!"

"Shemeji, usiwashe," alisema. "Siku ile sikunusa kitu. Sisikii harufu yoyote mimi, tangu mwezi wa pili. Nilikudanganya."

Upande wa pili kitu kilianguka, tukasikia miguu inakimbia, mtoto analia, mlango unabamizwa, na baadaye mvua tu ikipiga kwenye simu. Sijui ilikuwa muda gani. Mimi nilihisi ni mwaka.

"Tuko nje," mdogo wangu alisema, akihema. "Dada, huku nje ndio naisikia. Imo kwenye nguo zetu. Imo kwenye nywele za mtoto."

"Mungu wangu. Msirudi ndani. Tunakuja."

"Dada." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wewe umejua lini?"

Tangu Jumapili. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, siku zote hizo yeye na mwanawe wamejifungia mle, na mimi hapa naagiza matofali.

"Leo," nilimwambia. "Nimejua leo hii asubuhi."

Pua aliinua macho akanitazama. Halafu akatoa simu yake mfukoni, akaanza kutafuta namba za wateja wengine aliowafungia meko tangu mwezi wa pili. Walikuwa kumi na mmoja.