Mashine Iliyompima Rumaisa

Rumaisa alikuwa amewapikia watu kahawa miaka kumi na mmoja katika mkahawa wa Abdulkadir, pale Langoni, Lamu, na mashine mpya ilipoletwa hakuna aliyeifurahia kumshinda yeye. Ilikuwa imetengenezwa Ulaya. Ilisaga buni yenyewe, ikachemsha maziwa yenyewe, na usoni ilikuwa na kioo cha kugusa kama cha simu. Mugambi, fundi wa kampuni iliyoikodisha, alivuka nayo kwa boti kutoka Mokowe, bara, akaifunga, kisha akamfundisha Rumaisa hadi jioni.

"Kila mfanyakazi ana namba yake, dada," alimwambia. "Unaingiza namba, inaamka."

Hakumwambia kwamba ikishaamka hailali.

Wiki mbili baadaye Abdulkadir alimwita, simu mkononi. Kwenye simu palikuwa na mistari mingi, karibu yote myekundu.

"Bi Rumaisa, mashine yasema wewe ni mzito. Kikombe ni sekunde arobaini. Chako dakika mbili, tatu. Na kila adhuhuri imeandika mfanyakazi hayupo."

"Adhuhuri huwa naswali. Nawe pia huwa waswali, bwana."

"Na huu wa asubuhi?"

Rumaisa aliutazama mstari ule, akautambua. Saa moja na nusu ndiyo saa ya Bwana Nabhan, mwalimu mstaafu ambaye mikono yake hutetemeka. Rumaisa humngojea akae vizuri ndipo amtilie, kisha humshikia kikombe mpaka aweze kukidhibiti. Akaeleza hayo yote.

"Mashine haimjui Bwana Nabhan," Abdulkadir akasema.

"Basi isinihukumu."

Lakini ilikwisha kumhukumu. Kesho yake Rumaisa alihamishiwa nyuma kuosha vyombo, na Idris, aliyekuwa mkaanga samaki, akaletwa mbele. Idris alijitahidi, maskini, akikimbia huku akitazama kioo badala ya wateja. Siku ya tatu Bwana Nabhan alijimwagia kahawa kwenye kanzu, akaondoka bila kusema neno. Rumaisa alimwona kupitia dirisha la jikoni, yeye mwenyewe mikono imo kwenye povu hadi viwikoni.

Alikaa jikoni wiki tatu.

Mugambi aliporudi kuikagua mashine, Idris alikuwa amepewa ruhusa ya siku hiyo, kwa hiyo Rumaisa ndiye aliyeitwa amshikie tochi. Fundi alifungua ukurasa wa ndani unaofunguka kwa neno lake la siri. Palikuwa na orodha ya nchi. Ili kuijaribu, akagusa nchi ilikotengenezwa mashine, na mara mstari mmoja wa maandishi ukatoweka.

Rumaisa alikuwa akisoma Kiingereza vizuri.

"Hebu rudisha Kenya."

Mugambi akarudisha. Mstari ukatokea tena: muda wa kila mfanyakazi.

"Sasa weka kwao."

Ukatoweka.

"Mbona kwao haupo?"

Mugambi alitupa jicho mlangoni, akapunguza sauti. "Kule sheria inabana. Wafanyakazi wana baraza lao, na mwajiri hawezi kuweka kitu cha kumchunga mtu kabla ya baraza kukubali. Wanaiheshimu sana kazi, dada. Ni desturi yao."

"Na sisi?"

"Sisi... kwenye mafunzo tuliambiwa huku wenye biashara wanapenda kusimamia watu kwa karibu. Ndio utamaduni wetu wa kazi, walisema."

"Utamaduni wa nani?" Hasira ilimrudisha Rumaisa kwenye Kiamu cha kwao. "Baba yangu alikuwa seremala wa milango katika mui huu wa Lamu. Hakuna aliyemsimamia na saa. Fundi alipewa mbao na heshima yake, akaatwa amalize. Hao walikuja lini kutuuliza tunavyofanya kazi? Nti yao mfanyakazi ni mtu, nti yetu ni mwizi wa kuchungwa?"

Rumaisa akazima tochi, akaenda kumwita Abdulkadir, akamfanya asimame mbele ya kioo na kujionea mwenyewe mstari ukija na kutoweka.

Abdulkadir alikuna kidevu. "Kila nchi na mambo yake, Bi Rumaisa. Na mimi mwenye mali sharti nijue kinachoendelea."

"Haya. Bwana Mugambi, mfungulie namba moja."

Namba moja ilikuwa ya Abdulkadir mwenyewe, ambaye mara chache aliwatengenezea wageni wake kahawa huku akizungumza nao. Mistari yake ilikuwa myekundu kuliko ya mtu yeyote. Chini yake paliandikwa: utendaji duni.

"Hii anaiona nani?" akauliza Abdulkadir.

"Wewe," Mugambi akasema. "Na makao makuu, huko Ulaya."

Abdulkadir, ambaye ukoo wake umefanya biashara Lamu tangu enzi za babu wa babu zake, aliyasoma tena yale maneno mawili. Kisha uso ukamwiva.

"Chagua hiyo nchi yao, uiache hapo hapo!"

"Siwezi, bwana. Mkataba umeandikwa Kenya. Nikibadilisha, wataurudisha mstari kutoka hukohuko."

"Basi ing'oe!"

Alhamisi ya wiki ile mashine ilitoka Langoni juu ya mkokoteni, imefunikwa turubai. Abdulkadir akapata nyingine ya zamani, ya kuvuta kwa mkono, kutoka hoteli moja ya Mombasa. Alipoiweka mezani alisugua viganja, akamwambia Rumaisa kwa bashasha, "Haya, kesho urudi mbele. Mambo yamekwisha."

Mkahawa ulikuwa umejaa. Rumaisa alifuta mikono kwa kitambaa.

"Hayajakwisha. Mashine ilitoka Ulaya, haikunijua. Wewe wanijua miaka kumi na mmoja, na ndiwe uliyeniondoa. Ilipokutia wekundu wewe siku moja tu, ukaing'oa."

Wateja waligeuka kutazama. Abdulkadir akamsogelea, akanong'ona kitu.

"Sijasikia," Rumaisa akasema. "Nao hawajasikia. Jikoni ulinipeleka mbele yao."

Abdulkadir alitazama sakafu, akawatazama wateja, kisha akamtazama yeye.

"Bi Rumaisa, nimekukosea. Niwie radhi."

Rumaisa hakutabasamu. Aliingia nyuma ya meza, akaishika ile mashine ya zamani, akaanza kujifunza mkono wake unavyovutwa.