Akala za Ewoi

Lori lilikuwa limeshaiacha Lodwar nyuma, na vile vilima vyake vyeusi vilibaki vidogo kama mavi ya mbuzi, lakini Lokuruka bado alikuwa amemshikia mkewe bakuli la maharagwe. Amuria alikuwa ameketi juu ya magunia ya samaki wa Kalokol, amejitanda shuka mpaka puani. Bakuli hakuligusa.

"Mama Ewoi, kula kidogo. Njia ni ndefu."

"Mwanao amekula?"

Kila siku ni swali hilo. Ewoi, mtoto wao wa pekee, kijana mwenye ndevu zake, alipotelea upande wa Lokori siku wezi wa mifugo walipovamia. Mbuzi walionekana, damu ilionekana, yeye hakuonekana. Watu walisema amekufa. Mama yake akasema basi nionyesheni mwili. Tangu hapo alimpimia mwanawe chakula kwanza, akakiweka kando, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kukila, naye hakula. Alikuwa anaishi kwa chai na tonge mbili za kulazimishwa. Ukimtazama mkono unaona mfupa uliovaa shanga. Lokuruka hakuhitaji kuambiwa na mtu: mama huyu akikubali kwamba mtoto amekufa, atakula. Asipokubali, atamfuata.

Pembeni, kofia usoni na mguu juu ya begi, alilala Byron. Huyu alikuwa mtu wa Kakamega, mfanya mazingaombwe, amezunguka na njiwa na karata zake mpaka Turkana ikamnasa. Na kazi ya Lokuruka kwake ilikuwa kutojulikana. Alitangulia sokoni kama mzee yeyote, akaketi penye bomba la maji na kwenye kibanda cha chai, akasikiliza nani kapoteza ngamia na nani binti yake katoroka. Byron alipofika, yote anayo mfukoni.

Karata hazikuwashtua Waturkana. Kilichowashtua ni akala, na akala lilikuwa wazo la Lokuruka. Waaguzi wa kwao hurusha viatu, wakasoma jinsi vilivyoanguka. Basi Byron alirusha akala za tairi zilizopigwa misumari kisiginoni, zikaanguka atakavyo yeye, kisha akaanza: wewe mama mwenye shuka nyekundu, unamtafuta mtu. Mama analia. Uwanja mzima unasogea.

Lokuruka hakuamini hata nukta moja. Ila kuna kitu alikiona mara nyingi na hakuweza kukikataa. Watu walilia pale, kisha wakaondoka wepesi.

Kakuma walipanga chumba cha mabati kwa Marie-Claire, mama wa Kikongo aliyekuja na vita vya kwao na akabaki. Siku ya pili Lokuruka na Byron wakaenda kwa Chepkirui, waliyemjua tangu safari za nyuma. Huyu alikuwa mwanasaikolojia, mtu wa Bomet, anakutana chini ya turubai na watu wasiolala kwa yale waliyoyaona. Alimpenda Byron kwa michezo yake. Alimfanya aifiche sarafu mbele ya watu wake, halafu yeye akawaeleza.

"Mnaona? Jicho linaleta nusu," alisema. "Nusu ya pili ubongo unajijazia. Byron anajua mahali ubongo unapojijazia. Ndoto mbaya nazo ni hivyohivyo."

Watu walipotawanyika Byron akamuuliza, "Daktari, na zile dawa ulisema zinafanya mtu aone?"

"Mimi si daktari. Ziko, kule ng'ambo wanazijaribu, za uyoga na nini. Lakini usidhani ni kumeza tu. Wanakaa na mtu kwanza, wanajua amebeba mzigo gani. Wanamwandalia chumba, kitanda, mtu wa kumshika mkono. Dawa inapimwa. Na mtu akiona, anajua kwamba anaona. Hilo ndilo la maana."

"Kumwandaa mtu," Byron akacheka. "Si ndiyo kazi yetu, mzee?"

"Byron, usicheze," Chepkirui alisema. "Iko dawa ya kukufungulia pazia na iko ya kukutoboa macho." Akamgeukia Lokuruka. "Mzee, mlete mama hapa kwangu. Tutazungumza naye polepole."

"Polepole ni mpaka lini?"

"Miezi. Labda mwaka."

Lokuruka aliufikiria ule mkono wenye shanga. Mwaka!

Njiani Byron alisimama kwenye jalala. Palikuwa pameota mnanaha, ule mmea wenye ua jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba, ambao hata mbuzi mwenye njaa anaupita. "Sikiliza, mzee," alisema. "Mama anataka kumwona mwanawe. Basi amwone. Kidogo tu kwenye chai. Amwone, waagane, akala zianguke nyayo juu. Hiyo kwenu maana yake nini?"

"Mwenyewe amekufa."

"Basi! Kesho anakula."

Lokuruka angeweza kukataa. Alisimama pale akitazama ua, na akaona wale watu wote waliolia wakaondoka wepesi. Akainama, akalichuma tunda yeye mwenyewe.

Ilikuwa mchana wa jua kali, mlango umefungwa, chumba kinachemka. Marie-Claire alipita dirishani akakunja pua. "Baba, hii chai inanuka mubaya. Munatia nini ndani?"

"Dawa ya tumbo, mama."

Amuria alikunywa. Aliambiwa ni chai ya kumwita Ewoi, na kwa ajili ya Ewoi angekunywa hata lami. Alikuwa amekuja na akala za mwanawe, zile Ewoi alizozivua nyumbani siku ya mwisho akavaa mpya, na usiku Byron alikuwa amezipiga misumari kwa siri. Lokuruka alimshika mkono kama alivyomsikia Chepkirui akisema. Punde macho yakawa meusi yote, midomo ikakauka, akaanza kuokota nyuzi hewani.

"Umekuja," akaiambia pembe ya chumba. "Mbona umekonda hivyo? Keti."

Byron alirusha. Akala zikaanguka nyayo juu, zote mbili. Kwa sauti yake ya uwanjani akasema, "Mama, mwanao anakuaga. Safari yake imekwisha." Akapitisha shuka juu ya akala, akaivuta, na sakafu ilikuwa tupu.

Amuria alipiga yowe. Kisha alizungumza na pembe ile hadi jua likashuka, akararua nguo, akawaka joto, hakumtambua mumewe. Lokuruka alimmwagia maji na kujuta kila tone.

Kesho yake mchana aliamka. Akaomba chakula.

Alikula bakuli zima la ugali na mboga, akaongeza. Lokuruka alitoka nje akalia kama mtoto, Byron akampiga mgongo: "Nilikwambia nini, mzee?" Lokuruka aliporudi, Amuria alikuwa anafunga kibuyu cha maji.

"Unaenda wapi, mama Ewoi?"

"Lopur. Ameniambia yuko huko ng'ambo ya mto, anatafuta malisho. Alivaa akala zake mbele yenu akatoka. Nakula ili nifike."

"Zilianguka nyayo juu. Uliona."

"Niliona. Halafu akazigeuza, akavaa. Ziko wapi sasa? Mfu huwa anaenda na viatu?"

Lokuruka alimkuta Byron akilisha njiwa. "Kwa nini uliziondoa? Tulisema zianguke, basi!"

"Mzee, huwezi kumaliza mchezo na kitu bado kiko chini. Watu watapiga makofi saa ngapi?"

"Watu gani? Tulikuwa watatu!"

Byron aliwarudisha njiwa tunduni. "Mkono umezoea," alisema, na akazitoa akala kutoka sehemu ya siri ya begi.

Lokuruka alimwekea mkewe akala mapajani. Akamweleza yote: misumari, shuka, begi, tunda la jalalani, na vibanda vya chai alikosikiliza siri za watu miaka yote hiyo. Amuria alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, kicheko cha kwanza tangu Lokori.

"Begi lile linatoa njiwa, baba Ewoi. Litashindwa kutoa akala? Umelishwa na uongo wako hadi mvi, nami nikala pamoja nawe sikukusema. Leo ndiyo siku unataka nikuamini?"

"Ndiyo. Leo."

"Nimemshika mkono. Ulikuwa na vumbi."

Lokuruka aliinuka. Alimwomba Marie-Claire amwangalie, akakimbia kumwita Chepkirui. Waliporudi, Marie-Claire alikuwa barabarani amejishika kichwa. Alikuwa amemzuia Amuria mlangoni, akasukumwa na mtu asiyedhaniwa kuwa na nguvu hizo.

Lokuruka alifuata nyayo za mkewe kuvuka laga la Tarach, ule mto mkavu. Mwanzo zilikwenda sawa kama za mtu mwenye miadi. Mbele zikaanza kuzunguka vichaka, na penye kichaka kimoja mama alikuwa ameketi akamtengea mwanawe chakula juu ya jani. Upepo ukafuta zilizobaki.

Wachungaji wa Lopur walimpata Amuria siku ya tatu, chini ya mgunga, kibuyu kikiwa hakijafunguliwa. Alizikwa palepale. Byron alikamatwa kabla hajafika Kitale, akafungwa, na njiwa wakabaki kituoni hadi mtu akawala. Chepkirui alitoa ushahidi, akaendelea na kazi mwaka mmoja, kisha akarudi Bomet kufundisha. Ewoi hakupatikana. Lokuruka alishtakiwa pamoja na Byron, akaachiliwa kwa umri wake, na sasa anachunga mbuzi wa watu nje ya Lodwar. Marie-Claire alikipangisha kile chumba kwa fundi wa simu.