Matairi Yaliyoota Meno

Jumanne saa nne asubuhi, mchora ramani wa idara ya barabara aliomba ruhusa ya saa moja akaenda kununua matairi. Wenzake walimwita Mama Rula, kwa kuwa hata chai aliikorogea rula. Matairi yake ya zamani yalikuwa yamebaki vipara, na Jumamosi iliyopita gari lilimkwamia kwenye matope ya njia ya kwa baba yake, likaja kuvutwa kesho yake na ng'ombe wawili. Barafu aliyofungia dawa ikawa imeyeyuka, na dawa yenyewe, ya kisukari cha baba, ikaharibika. Mzee alikaa siku mbili bila sindano. Majirani walimkuta ameanguka kati ya kitanda na mlango.

Fundi wa matairi alikuwa mtu mnene, mpole, asiyekuwa na haraka.

"Unaendesha wapi, dada?"

"Jumatatu hadi Ijumaa barabara kuu, kilomita hamsini kwenda, hamsini kurudi. Jumamosi napanda milimani kwa baba, kilomita thelathini na moja."

"Huko milimani kuna lami?"

"Kwenye ramani, ipo."

"Mimi siuzi matairi ya kukanyaga ramani," alisema fundi.

Akampitisha dukani. Haya ya lami, akaeleza, ni kimya kama paka, na mvua ikinyesha yanashika breki. Ila kwenye matope ni sawa na kuvaa ndala. Yale ya meno makubwa yangepanda hata ukuta, lakini kwenye lami yangemvumia masikioni wiki nzima, yangekunywa mafuta, na siku ya mvua yangeteleza.

"Mshika mawili moja humponyoka," akamalizia.

"Mimi sina la kuponyoka. Kazi siwezi kuacha, na baba siwezi kumwacha."

Fundi aliingia stoo, akatoka akiviringisha tairi jeusi lisilo na jina wala namba.

"Basi chukua haya ya kotekote. Yakihitaji meno yanaota, yasipoyahitaji yanang'oka. Siku za mwanzo fizi zinawasha, kwa hiyo usiegeshe karibu na viti vya plastiki."

Mama Rula akauliza yanajazwa upepo kiasi gani. Fundi akamwambia ajaze kama ilivyoandikwa mlangoni mwa gari, na kwenye matope apunguze kidogo. Akafungiwa yote manne, akarudi kazini akiwa amechelewa dakika tano tu.

Ile barabara ya milimani alikuwa ameichora kwa mkono wake mwenyewe, miaka sita nyuma, mstari mweusi mnene, baada ya mkurugenzi kumletea karatasi inayosema lami imekwisha kumwagwa. Alimwambia mkurugenzi kwamba hiyo ndiyo njia ya kwao na lami hajaiona. Mkurugenzi akamjibu bila ukali kwamba yeye ameajiriwa kuchora, hakuajiriwa kuona.

Wiki nzima matairi yalikuwa laini na kimya. Jumamosi, pale njia panda lami inapoishia, gari likaanza kutetemeka kama mtoto mwenye homa ya meno. Mama Rula alishuka akatazama. Meno ya mbele yalikuwa yameshachomoza, na magego yalikuwa yakifuata. Akayamwagia maji kwa kuwa yalikuwa ya moto, akangoja robo saa yakomae, akaendelea. Matairi yaliyatafuna matope kona baada ya kona. Alipofika, barafu ilikuwa bado ngumu.

Baba yake, mwalimu mstaafu ambaye macho yalikuwa yameanza kumwacha, alijichoma sindano kwanza, kisha akatoka kuyapapasa matairi.

"Magego haya," akasema. "Yanapigwa mswaki?"

"Sijui, baba. Fundi hakusema."

"Basi piga. Yakioza utakuja kulia."

Wakayapiga mswaki wote wawili kwa ufagio wa chooni uliokuwa mpya, mzee akihesabu meno kwa sauti kama mahudhurio ya darasani.

Jumatatu meno yalidondoka kwenye uwanja wa ofisi. Mlinzi aliyazoa akayafanya kabari za kuzuia milango isijifunge, na ghorofa ya kwanza yote ikapata hewa. Ndivyo habari ilivyomfikia mkurugenzi, maana mlango wake ulikuwa haujawahi kukaa wazi tangu ahamie.

Alimwita Mama Rula.

"Mama, nimesikia gari lako linafika milimani."

"Linafika, mkurugenzi."

"Wakubwa wanataka barabara ile ikaguliwe. Langu lilikwama kona ya pili. Alhamisi tutakwenda na lako."

Walikwenda. Mkurugenzi alikaa nyuma na kofia ngumu kichwani. Njia panda alingoja meno yaote huku akisoma gazeti. Walipita mahali ambapo daraja lilipaswa kuwa, maji yakilamba milango. Walipita lori lililozama mpaka kwenye taa. Dereva wake alikuwa ameshaoa kijijini hapo, na mkewe alikuwa ameanika nguo kwenye vioo vya pembeni. Mkurugenzi aliwapungia mkono. Walipofika mwisho alitazama saa.

"Mwendo wa saa moja na dakika ishirini," akasema. "Si mbaya."

Mama Rula alirudi akiwa na moyo mwepesi. Mtu amejionea kwa macho yake, alijiambia. Sasa hata akitaka kusahau hataweza.

Jumatatu ripoti ilibandikwa ubaoni: *Barabara imekaguliwa. Inapitika. Gari dogo limefika bila kukwama.*

Aliisoma mara mbili, akapanda ngazi.

"Mkurugenzi, tulifika kwa sababu ya meno."

"Mimi nimeandika tulifika. Hatukufika?"

"Tulifika."

"Sasa ugomvi wetu uko wapi, mama? Na ule mstari wako uongeze unene kidogo. Kwenye nakala hausomeki vizuri."

Mama Rula alirudi mezani kwake mashavu yakimwaka. Alikuwa amempeleka shahidi wake mwenyewe, na shahidi akausemea upande wa pili. Akachukua kifutio, akaufuta ule mstari wote, kilomita thelathini na moja, akachora vinukta vidogo kama vya njia ya mbuzi. Jumanne asubuhi aliukuta mstari umerudi, mnene kuliko kwanza, umechorwa na mkono usiojua rula. Akaufuta. Jumatano ukarudi. Ikawa ndiyo ratiba: jioni anafuta, asubuhi anaukuta, na hakuna aliyemsemesha neno.

Jumamosi hakupumzika pia. Watu wa milimani walisikia, wakaanza kumngoja njia panda: mama mjamzito, mtu na godoro lake, mwenye jino bovu ambaye alitaka tu kuwa karibu na mazima. Gari la watu watano likabeba tisa. Walijipanga huku meno yakiota, na aliye karibu ndiye aliyeyamwagia maji.

Siku moja kiti cha mbele kilikaliwa na bibi kizee mwenye kuku mapajani. Mama Rula akamwuliza, kwa kuwa jambo lilikuwa likimkera, kwa nini watu wa huko hawaandiki barua kulalamika.

"Tuliandika, mwanangu," alisema bibi. "Na wakatujibu kwa heshima kabisa, kwamba barabara yetu ni ya lami na tuitunze."

"Mkawaambia nini?"

"Tuwaambie nini? Jibu lenyewe lilitufikia baada ya miezi minane. Aliyelileta alikwama."

Mama Rula akaingiza gia ya kwanza.